Mugongo nao ni kilema

Ndugu wa mugodi, mutu akikatwa kidole, kilema chake kinaandikwa upesi. Lakini mugongo na magoti yaliyoharibika kwa mashini ya kutoboa yanapewa kiwango kidogo, kwa sababu damu haionekani. Na kiwango ndicho kinachopima feza: kikiwa kidogo, unalipwa mara moja, kiisha basi, kikiwa kikubwa, pension inaendelea kulisha nyumba.

Sheria ya 2016 inalinda mutu aliyeumia kazini. Basi musikubali haraka. Ombeni foto ya mifupa, chungeni makaratasi ya munganga, semeni wazi kazi gani hamuwezi tena, muombe kupimwa upya.

Nasi tunauliza wakubwa wa CNSS: asiyeweza kuinama, atabeba jembe gani?