Kumcheka Nabii wa Uongo Si Kukufuru

Wahenga walinena, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Methali hii ndiyo silaha ya baadhi ya wenzetu chamani wasiotaka tuigize Masaibu ya Ndugu Jero siku ya wazazi. Eti tutamkufuru Mungu na kuwaudhi wachungaji watakaoalikwa. Mimi siafiki hata kidogo.

Mchezo huu ni wa Wole Soyinka wa Nigeria. Uliigizwa mara ya kwanza mwaka 1960, na baadaye A. S. Yahya akautafsiri kwa Kiswahili. Jero ni nabii anayehubiri ufuoni. Joho lake la mahameli amelichukua kwa mkopo kwa mama mmoja, Amope, na kulipa hataki. Msaidizi wake Chume kila mara humwomba ruhusa ya kumpiga mkewe, naye humkataza. Lakini anapogundua kwamba mke huyo ndiye Amope anayemdai, mara ruhusa inapatikana! Je, hapo anayechekwa ni Mungu? La hasha. Anachekwa mtu anayejificha nyuma ya Mungu akikimbia madeni.

Sisi wa Nyayo Highrise na Kibera jambo hili twalijua. Huku kwetu makanisa ya mabati yamebanana na nyumba zetu. Mchungaji ni jirani, ndiye atuzikiaye wafu wetu, na wengi wao ni watu wema kabisa. Lakini kwa kuwa ni jirani, nani atathubutu kumuuliza sadaka imeenda wapi? Mama akiuliza ataambiwa hana imani, na kesho minong'ono itamfuata hadi kwenye foleni ya maji. Mchezo huuliza kwa niaba yake, bila kumtaja mtu jina.

Kunyamaza nako kuna hasara, jamani. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wengi walikufa njaa wakiamini kwamba kwa kufunga wataonana na Yesu. Sisemi mchezo mmoja ungewaokoa. Nasema mtu aliyezoea kumcheka Jero hujifunza kuuliza kabla ya kufuata.

Kwa hivyo walimu wetu na wanachama wenzangu, tuuigize, na wachungaji tuwape viti vya mbele. Mchungaji wa kweli atacheka pamoja nasi. Yeye hana deni la joho.