Saa za Kupasha Moto Si Saa za Uvivu



Wako wasimamizi wasemao kazi ya fundi wa kuchomelea imekwisha akizima moto wake. Kwa chuma chembamba cha kawaida, tulichozoea sisi wa karakana za reli, hatubishi. Lakini chuma cha P91, chenye kromi asilimia 9 na molibdenumu asilimia 1, ndicho cha mabomba ya mvuke wa digrii 550 na zaidi. Kikichomelewa, kiungo hupendeza macho, kumbe kimekuwa kigumu mno, chaweza kupasuka kama gae. Sharti kiachwe kipoe chini ya digrii 100, kisha kipashwe tena polepole hadi kati ya digrii 730 na 770, kikae humo saa mbili au zaidi kwa kadiri ya unene wake. Joto likipita sana hapo, nguvu ya chuma imekwenda.

Saa hizo ndizo msimamizi mwenye haraka hutaka kuzikata. Na bomba likipasuka, nani huitwa ofisini? Fundi.

Twataka vipima joto vifungwe penye kiungo chenyewe, na karatasi ya joto itiwe sahihi na msimamizi pia. Asiyetaka kutia sahihi, asiamuru moto uzimwe.