Paka mdogo akilia usiku, tusimsingizie uchawi

Chuo kimefungwa, nipo nyumbani Milepa, huku bonde la Ziwa Rukwa. Leo naomba niongelee kitu ambacho wengine mtakiona kidogo: kilio cha mtoto wa paka.

Huku kwetu paka ni mlinzi wa chakula. Mpunga na mahindi vikiingia ndani, panya nao wanaingia, kwa hiyo kila nyumba inataka paka. Tatizo ni kwamba anachukuliwa akiwa mdogo mno, halafu anafungiwa stoo peke yake. Akilia usiku kucha maneno yanaanza: huyu katumwa! Na kwa sifa ambayo Sumbawanga imebebeshwa nchi nzima, asubuhi mtu anamtia kwenye kiroba akamtupe. Hapo ndipo mimi napinga.

Jamani, yule anaita mama. Hana lugha nyingine. Kwenye saikolojia ya elimu tunasoma ngazi ya mahitaji ya Maslow (1943): chakula na usalama kwanza, mengine baadaye. Mwalimu anayemchapa mtoto wa darasa la kwanza kwa sababu analia hajajua kama ana njaa au anaumwa. Kwa paka ni hivyo hivyo. Kumpiga au kumfokea kunaongeza hofu, na hofu inaongeza kilio.

Sasa tufanyeje? Anza na joto. Katika wiki za mwanzo mwili wake hauwezi kujitunzia joto, na ukimpandisha Sumbawanga mjini kwenye baridi ya Juni na Julai ndio balaa kabisa. Mweke kwenye boksi lenye nguo kuukuu na chupa ya maji ya moto kiasi, uizungushie kitambaa. Akishapata joto ndipo umlishe. Maziwa ya ng'ombe mara nyingi yanamharisha. Kama bado ananyonya, mrudishe kwa mama yake au tafuta paka mwingine anayenyonyesha. Aliyefikisha mwezi anaweza kuanza dagaa waliochemshwa bila chumvi na kupondwa laini. Akiwa chini ya wiki tatu hawezi hata kujisaidia mwenyewe. Mama humlamba, basi wewe mpanguse chini ya mkia kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Ameshiba, ana joto, na bado analia bila kukoma? Angalia viroboto, minyoo, kidonda, kisha muone afisa mifugo.

Lakini dawa kubwa ni subira: muache na mama yake mpaka atimize angalau wiki nane. Hata akija, siku chache za kwanza atalia kwa upweke. Mpe kitambaa chenye harufu ya mama yake, alale karibu na watu.

Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama. Ila mimi naona hata bila sheria, anayeshindwa kusikiliza kilio cha asiyeweza kusema atapata tabu sana darasani.

Naomba kuwasilisha.