Kusoma nyumbani, na mlango wa chuo kikuu

Tangu M23 walipochukua Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katika Februari, wazazi wengi wa makusanyiko yetu wamegeuka walimu. Mtoto aliyekimbia mara mbili anafunguliwa madaftari ya kaka yake, mwalimu jirani anapewa unga kidogo, na hesabu zinaendelea. Wengine hawakukimbia, ila minervali imewashinda, kwa maana masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi tu. Nao wanatuuliza baada ya ibada: mtoto huyu ataingia chuo kikuu?

Anaweza, ila njia ni nyembamba. Chuo kikuu kinadai diploma ya Serikali, na diploma inapatikana kwa Exetat. Aliyesoma nje ya shule anaitwa otodidakti. Sheria inamkubali, lakini kwanza apite mtihani wa utangulizi uliowekwa kwa ajili ya otodidakti. Akianguka hapo, Exetat ya mwaka huo haimhusu tena. Akipita, anaandika kama wengine: disertasio, Kifaransa cha kusema, kisha siku nne za maswali. Tunawasihi wazazi juu ya hicho Kifaransa cha kusema. Kitabu peke yake hakikifundishi, na mtoto aliyesikia Kiswahili tu miezi mingi atatetemeka mbele ya mwalimu asiyemjua. Opsyo nayo ichaguliwe kwa akili: mekanika au umeme bila karakana ni kujichosha bure.

Ndugu zetu waliohamia Marekani wanatusimulia mambo mengine. Huko kumfundisha mtoto nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, na vyuo vingi vinapokea buletini iliyoandikwa na mzazi mwenyewe, pengine pamoja na alama za SAT au ACT. Kwetu mzazi akiandika buletini ataitwa mwongo.

Na hapo ndipo shida inapouma. Hata mwenye diploma mkononi, vyuo vingi vinamwomba buletini za miaka miwili ya mwisho wa sekondari. Otodidakti hana. Basi anatokea mtu mwenye huruma nyingi na buletini za kuuza. Tunasema bila kuzunguka: msinunue. Dosye ikichunguzwa katika mwaka wa tatu, mtoto anapoteza hata ile diploma aliyoitolea jasho. Afadhali mwende mapema kwenye sekretarieti ya chuo, mweleze kwamba ni otodidakti, na jibu lao mlipate kwa maandishi yenye muhuri.

Cheti cha shule ya msingi ndicho cha kutafuta kwanza. Kama kiliungua au kilibaki njiani, ulizeni ofisi ya su-divizio, na mtafuteni mkubwa wa shule ile. Huenda naye amekimbia. Zaidi ya mara moja tumemkuta mtu wa namna hiyo ameketi katika kusanyiko la jirani.