Mtoto mwenye ulemavu: huruma haitoshi, mpangilio unaokoa

Katika vita hii inayotuhamisha kila mara, kuna watoto wasiotajwa sana: mtoto wa miaka mitatu ao mine asiyeweza kukaa, asiyesema, ao anayeanguka kifafa. Mwanzoni mwa 2025, mapigano yalipofika Goma na kambi kama Bulengo na Lushagala zikabaki tupu, familia nyingi zilirudi barabarani mara ya pili ao ya tatu. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo alimbeba mgongoni, na mizigo mingine ikabaki.

Watu husema: «Mpangilio ni wa wenye nyumba na kabati. Sisi wa chini ya bashi tutapanga nini?» Mimi naona kinyume. Mwenye nyumba akisahau dawa, jioni ataikuta mezani. Mhami akiisahau, imepotea. Na dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Mtoto anaweza kuanguka vibaya kuliko zamani.

Mambo matatu yanawezekana hata bila pesa nyingi.

La kwanza ni kaye moja. Andika jina la dawa, kipimo, saa ya kuimeza na siku itakapoisha. Andika siku mtoto alipoanguka na dakika ngapi ilichukua. Andika chakula anachomeza bila kukabwa. Muuguzi wa kituo kipya asome hapo, asianze kubahatisha. Mama asiyejua kuandika amwombe mwanafunzi wa jirani.

La pili ni mfuko mmoja. Kaye, kadi ya chanjo, dawa, kijiko chake na nguo moja viingie ndani ya sashe isiyopitisha maji, vikae mahali pamoja kila usiku. Risasi zikilia, hakuna wakati wa kutafuta.

La tatu ni mtu wa pili. Shangazi, dada mkubwa ao jirani ajue kumlisha mtoto akiwa ameketishwa wima, si amelala chali. Ajue pia kwamba kifafa kikimshika, analazwa ubavu, hatiwi kitu mdomoni, na zikipita dakika tano bila kutulia, anakimbizwa kituo cha afya. Kama mama peke yake ndiye anayejua, siku malaria itamlaza mama, mtoto naye amekwisha.

Hapa nawagusa wababa. Wengi wanasema «mtoto wa mama yake» pale mtoto anapokuwa na ulemavu. Kujua saa ya dawa si kazi ya wanawake. Ni kazi ya mzazi.

Nawagusa pia wanaomficha mtoto kwa sababu majirani wanasema ni laana ao uchawi. Aliyefichwa haandikwi, na asiyeandikwa hapati kitu siku ya ugawaji. Ulemavu si aibu ya familia.

Lakini si haki kumwachia mama kila kitu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na tangu Mei 2022 kuna sheria maalumu ya kulinda haki zao. Karatasi hizo ziteremke hadi kwenye foleni ya unga. Kamati za wahami na viongozi wa mitaa waandike watoto hawa kwenye orodha ya pekee, pamoja na dawa wanazotumia. Mama aliyebeba mtoto wa miaka mitano asiyeshika shingo asisimame juani tangu asubuhi hadi jioni. Mashirika ya kiutu nayo, yakileta mafuta na maharage, yaulize pia: nani hapa dawa yake inaisha wiki hii?

Vita hatukuichagua. Lakini kaye ya mtoto inaweza kuanza leo, na orodha ya kamati pia. Kesho tunaweza kuwa tena njiani.