Chato: Msitu Uliookolewa na Maji

Wengi wetu tukitajiwa Chato hukumbuka kwanza uwanja wa ndege na kaburi la Rais John Magufuli, aliyezikwa huko Machi 2021. Mimi hukumbuka ufukwe wa Kasenda. Ukisimama pale alfajiri, waiona Rubondo ng'ambo ya maji ya Ziwa Victoria, imevikwa msitu hadi ukingoni. Maporomoko hakuna, hii ni wilaya ya ufukwe, miti na samaki, na kwangu hayo yatosha.

Kisiwa hicho kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, wakazi wake walihamishwa, na kati ya 1966 na 1969 wakaachiwa huko sokwe waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya. Uzao wao ungalipo. Msitu ulipona, ila tusisahau ni nani waliolipia kupona huko.

Sasa tugeuke tuitazame bara. Mwaka jana, nikitoka Chato kwenda Geita, nilipishana na lori lililosheheni magogo membamba, marefu. Hayakuwa kuni. Yalikuwa matimba, yale yanayozuia kuta za duara zisimfukie mchimbaji. Siwezi kumlaumu anayeyanunua, kwani duara lisilo na matimba ya kutosha ni kaburi. Lakini kila duara jipya hushusha miti ardhini, nayo kambi nzima hupikia mkaa. Gramu za dhahabu zinazotoka twazihesabu kwa mizani. Miti inayoingia haihesabiwi na yeyote niliyepata kumwuliza.

Wapo watumishi wenzangu wa umma wasemao dawa ni marufuku na askari zaidi. Siafiki. Rubondo imezungukwa na maji; misitu ya bara imezungukwa na watu. Funzo liko kwa jirani zetu wa Shinyanga, mkoa uliofyekwa sana enzi za mkoloni ili kufukuza mbung'o. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho wakati wa mvua ili yatumike kiangazi. Ngitili zilizokuwa hekta mamia zikafikia mamia ya maelfu. Mwenye ngitili ni familia au kijiji, na mwizi wa mti hujulikana hadi jina la baba yake.

Sheria ya Misitu ya 2002 inaviruhusu vijiji kumiliki misitu yao. Halmashauri hutoza ushuru wa huduma, na tangu marekebisho ya 2017 ndizo zinazoidhinisha mipango ya kampuni za madini ya kuihudumia jamii. Sehemu ya fedha hizo na iende kwenye vitalu vya miche na mashamba ya matimba yanayomilikiwa na vijiji. Najua mti hukua polepole kuliko muhula wa diwani, na hapo ndipo penye ugumu wenyewe.

Wanafunzi wangu wa Geita na Chato wanaokwenda likizo nimewaomba jambo moja: wahudhurie mkutano mkuu wa kijiji, waulize msitu wa kijiji uko wapi kwenye ramani.