Usiipite Bujumbura mbio ukienda Kibira

WAPO ndugu zetu, hasa waliorejea nchini na wafanyabiashara wa mpakani, ambao wakitaka kutembea kwa miguu siku kadhaa katika msitu wa Kibira hupanga safari kama wanaopeleka mzigo sokoni. Wanashuka Bujumbura asubuhi, wanakula chochote, kisha wanadandia gari la kwanza la kupanda milimani. Kwa maoni yangu, huko ni kujitafutia balaa. Siku mbili mjini si hasara.

Bujumbura iko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Njia za Kibira, kwenye mgongo unaogawa maji ya Kongo na ya Nile, hupita mita 2,000. Anayetoka kwenye joto la ziwa na fulana moja hukutana na baridi, ukungu na matope siku hiyohiyo. Nasema hivi kwa kuwa yalinikuta. Nilipanda Teza na viatu vya mjini, jioni soli ikabanduka, mvua ikanyesha usiku kucha. Safari ya siku nne ikaishia siku ya pili.

Siku ya kwanza, basi, iwe ya mfuko. Soko kuu liliungua Januari 27, 2013, na biashara ikatawanyika mitaani. Nenda Ruvumera, pale Buyenzi, ambako Kiswahili chako kinatosha kupatana bei. Tafuta sweta la mtumba, koti la mvua na viatu ulivyokwisha kuvivaa na kuvitembelea kabla ya kuondoka. Chenji noti ziwe ndogondogo, maana kilimani hakuna wa kukurudishia chenji ya noti kubwa.

Siku ya pili iwe ya watu. Uliza ofisi ya mazingira, OBPE, habari za kibali na mwongozaji. Patana na dereva mapema. Uhaba wa mafuta uliotutesa tangu 2021 ulitufundisha kwamba gari lililoahidiwa si gari lililofika.

Lakini kubwa kuliko yote ni lugha. Baadhi ya vijana waliokulia Tanzania wanakijua Kiswahili kuliko Kirundi. Buyenzi hawapati shida. Kilimani mzee atawasalimu "mwaramutse", kisha atauliza wewe ni wa nani na unatoka kilima gani. Kijana asiyeweza kujibu hujiona mgeni katika nchi ya babu yake. Hilo linauma kuliko lengelenge la mguu. Si aibu kulala mjini siku moja zaidi ili umpate mwenzako wa kukufundisha na kufuatana nawe.

Najua mfanyabiashara atasema siku ni pesa. Ni kweli, lakini safari iliyokatika njiani imekula nauli mara mbili na haikukupa kitu.

Hata Livingstone na Stanley, waliozoea kutembea, walilala siku mbili pale Mugere, kusini mwa mji, Novemba 1871. Jiwe la ukumbusho bado lipo. Ukipata jioni ya bure, nenda ukalione, kisha rudi ulale mapema.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Msitu hauhami. Jiandae kwanza.